Mashine Niliyoisingizia

Wajukuu zangu wameniomba niwaandikie nyinyi vijana mnaoanza kazi ya kuandika programu, niwape uzoefu. Uzoefu ninao, lakini nawatahadharisha mapema kwamba mwingi ni wa kukosea. Nilikaa zaidi ya miaka thelathini katika ofisi moja ya Al Khuwair, hapa Maskati, ghorofa ya tatu, nikiandika programu za kupanga likizo za watumishi. Siku ya kustaafu walinipa saa ya ukutani na keki iliyokosewa jina langu. Nikarudi nyumbani Sib nikijiona sina tena la kujifunza duniani, nikaanza kumsumbua mke wangu, Zuwena, kwa kumpangia mikebe ya bizari kwa alfabeti. Alinivumilia siku nne.

La maana kuliko yote katika kazi hii nilijifunza baada ya hapo, juu ya kompyuta iliyochoka, kwa mwanamke wa Kikenya ambaye alikuwa hajazaliwa nilipoandika programu yangu ya kwanza. Mkitaka kucheka chekeni, mimi mwenyewe hucheka. Ila kuna mahali pamoja sicheki, na mtapajua mkifika.

Mtaani kwetu tuna sabla. Kwa asiyeijua, ni ukumbi wa mtaa, wenye mazulia, mito ya kuegemea na jiko la kahawa nyuma. Hapo ndipo wanaume hukutana kwa akdi za arusi, ndoa inapofungwa, na hapo hapo hukaa azaa, zile siku tatu za kupokea mikono ya pole baada ya mazishi. Arusi huwekwa miezi mbele. Azaa haina miadi. Kwa hiyo desturi yetu ni moja: akifa mtu, arusi inapisha. Mwenye arusi anahamishiwa siku nyingine iliyo wazi, na yeye mwenyewe anakwenda kutoa pole pamoja na wenzake.

Aliyekuwa akishika utaratibu huu ni Ami Seif, mtunza sabla. Msimfikirie mzee mpole wa hadithi. Alikuwa mkali, kahawa yake chungu, na ana ugomvi na kila anayevua viatu katikati ya mlango. Lakini alikuwa na daftari refu, na ndani ya daftari lile sikuwahi kuona kitu kilichofutwa. Arusi ikihama, aliuacha mstari wa zamani pale pale, akaandika mpya chini yake, kisha akashika simu na kuwapigia wahusika mmoja mmoja.

Macho yake yalipoanza kupungua, kamati ya sabla iliniomba niandike programu ya kumsaidia. Niliikamilisha kwa siku tano na nikaisifia kwa siku kumi. Niliiweka kwenye kompyuta yangu ya mapajani ya zamani, nikampelekea.

"Ami Seif, daftari sasa lipumzike," nikamwambia. "Ukipata msiba, andika jina na siku, bonyeza hapa. Mashine itaihamisha arusi na itatuma ujumbe yenyewe."

"Na simu nsipige?"

"Usipige. Utawachanganya watu."

"Mie nshazoea kupiga."

"Ndo maana nnakwambia uwache."

Nataka mkumbuke kwamba nilimkataza mimi, kwa kinywa changu, tena kwa sauti ya mtu anayemhurumia mwenzake.

Miezi miwili baadaye ilikuwa akdi ya mpwa wa kike wa Zuwena. Watu wa bwana arusi wanakaa Sur, kwa hiyo sabla niliwawekea mimi, kwa nambari ya simu ya nyumbani kwangu. Asubuhi ya siku yenyewe nilikwenda Qantab kuchukua samaki wa karamu, kwa sababu nina mvuvi wangu pale na siamini samaki wa mtu mwingine. Simu ikaniishia chaji njiani. Niliporudi, alasiri imeshaingia, basi la watu wa Sur limeshafika moja kwa moja kutoka safari, bwana arusi kavaa na ngoma iko tayari. Nikaoga, nikafunga hanjari kiunoni, nikashika mbele. Napenda sana kuwa mbele.

Tulikwenda kwa nderemo hadi sabla, kijana mmoja wa Sur akirusha upanga juu na kuudaka. Nikausukuma mlango kwa mikono miwili, nikapaza sauti, "Assalaam aleikum, leo furaha yetu sote!" Ndani walikuwa wanaume wengi wamekaa kimya, na mwanzoni mwa safu alikuwa bwana Hamed, jirani yetu wa upande wa pili wa mtaa, ambaye adhuhuri ile alimzika mama yake. Ngoma ilichelewa kunyamaza kwa sababu mpigaji alikuwa nyuma kabisa na hakuona kitu, akaendelea kupiga kwa moyo wake wote mpaka mtu akamshika mkono.

Akdi ilifungwa nyumbani kwangu, ndani ya banda la gari, baina ya gari na mashine ya kufulia. Bwana Hamed hakunilaumu. Alikuwa akinipita njiani bila kuniona, na hilo lilikuwa zito zaidi.

Wiki ile kamati ilikutana na ikataka kujua imekuwaje. Mimi nilikuwa na jibu tayari, kama walivyo mainjinia wote. Nikasema programu nimeipima na haina tatizo. Nikasema mashine yenyewe kuukuu, nzito, inasinzia. "Na pengine," nikaongeza, "haikubonyezwa inavyotakiwa." Sikutaja jina la mtu. Hapakuwa na haja, mbonyezaji alikuwa mmoja tu. Ami Seif alitoa ufunguo wa sabla mfukoni, akauweka juu ya zulia mbele ya mwenyekiti, akatoka. Kazi aliyoifanya tangu ujana wake iliishia pale. Nilijiambia moyoni kwamba keshazeeka, na kupumzika ni kheri kwake.

Kwa kuwa nimeisingizia mashine mbele ya watu, ilinibidi nikauthibitishe ubovu wake. Nikaipeleka Al Khuwair, kwenye duka la kutengeneza kompyuta, nyuma ya mitaa ya ofisi yangu ya zamani. Fundi wa pale alikuwa Achieng, binti wa Kisumu, aliyesomea kompyuta Nairobi na kuja Maskati kwa kazi. Aliifungua, akaisikiliza, akaigonga mgongoni.

"Mzee, hii mashine haina shida," akasema. "Ni vile umeibebesha mzigo. Wacha nikuwekee Linux ndogo, zile nyepesi."

"Ya kununua?"

"Ya bure. Na ukitaka kuifungua uone vile imetengenezwa ndani, unafungua tu. Hakuna mtu atakuuliza."

Nilikuwa sijawahi kuamini kitu cha bure katika kazi yetu. Akachomeka flashi, mfumo ukawaka kutoka kwenye flashi ile ile bila kugusa chochote cha zamani, akaniachia niuchezee kwanza; nilipouridhia akauweka kabisa. Hilo lishikeni: msimtupe mzee wa mashine kabla hamjamjaribu na mfumo mwepesi, na mjaribu kutoka kwenye flashi kabla ya kufuta kitu. Zamani nilikuwa naiwasha na kunywa kikombe kizima cha chai nikiingojea. Sasa sikuwahi hata kutia sukari.

Nyumbani nikaweka nywila mpya kwa fahari. Asubuhi yake nikaandika nywila, mashine ikanikatalia. Nikaandika polepole, ikakataa. Nikaandika kwa hasira, ikakataa. Nikampigia Achieng.

"Mfumo wako wa bure umenifungia nje ya kompyuta yangu mwenyewe!"

"Pole, Mzee. Na jana ukiweka password, kibodi ilikuwa kwa Kiarabu ama kwa Kiingereza?"

Nilikuwa nimemaliza kuwaandikia kamati barua ya Kiarabu, na kibodi niliiacha huko huko. Nywila yangu ilikuwa ya herufi za Kiarabu ambazo hata mimi sikujua nimeziandika. Nyinyi mnaoishi na kibodi mbili kama sisi, angalieni ile alama ndogo ya lugha pembeni kabla hamjamlaumu mtu.

Nilipoirudisha dukani, Achieng akaomba aione programu yenyewe. Nikamfungulia kwa madaha. Akasoma, akashuka, akapanda, akashuka tena.

"Aki Mzee. Hii ni programu ama ni supu?"

"Imefanya kazi miezi miwili mizima, ofisini tulikuwa tukiandika hivi hivi."

"Ona hapa. Orodha inabadilishwa juu, halafu hapa chini inabadilishwa tena, halafu huku kando kuna mwingine anaichota. Kila mtu ameingiza mkono kwa sufuria. Ukiniuliza saa hii ndani kuna nini, siwezi kukuambia. Hata wewe huwezi."

Akanieleza kwamba kuna namna nyingine ya kuandika. Programu unaigawa vipande vidogo, fanksheni. Kila fanksheni inapokea vitu vyake mlangoni, inatoa jibu, basi. Haigusi kitu cha nje na haibadilishi ulichoipa. Ukiipa vitu vile vile leo na mwakani, jibu ni lile lile. Lugha za namna hiyo zipo, programu huria, zinaingia hata kwenye mashine yangu ile. Aliyonichagulia sitaitaja, maana mkishaijua mtaanza kubishana kuhusu lugha na mtaacha kusoma.

Nikawa namwendea saa ya mapumziko yake ya mchana, nikibeba sambusa za Zuwena kama ada ya shule. Nilikuwa mwanafunzi mbaya. Siku ya kwanza niliandika kitu nilichokiandika maisha yangu yote: x ni sawa na x ukiongeza moja. Mashine ikanyamaza, feni ikaanza kuvuma.

"Lugha gani hii haijui kuongeza moja?" nikauliza.

"Inajua. Lakini wewe hujaiambia iongeze. Umeiambia x ni nini: x ni x na moja juu. Sasa inatafuta hiyo x ni ngapi. Itatafuta mpaka Krismasi."

"Kwani sasa mwezi gani?"

"Februari, Mzee."

Siku nyingine alinifundisha fanksheni inayojiita yenyewe. Alinipa mfano wa sinia la halwa linalozungushwa sabla: unachota wako, unampa wa pili sinia lililobaki, naye anafanya vile vile. Nikaandika vizuri sana, isipokuwa nilisahau kusema sinia likiwa tupu wafanye nini. Watu wangu wakaendelea kupeana sinia tupu mpaka kumbukumbu ya mashine ikajaa na kila kitu kikaganda. Tangu siku hiyo naanza na sinia tupu. Andikeni kwanza jibu la orodha isiyo na kitu, kisha orodha yenye kitu kimoja, na nyingi zitajiendea zenyewe.

Lakini lililonikaa ni lile la kutofuta. Ukihamisha arusi, Achieng alisema, huigusi orodha ya zamani. Unatengeneza mpya, na ya zamani inabaki ilivyo, ukitaka unazilinganisha. Nikasema lakini huo ni upotevu. Nilipokuwa nyuma ya usukani kurudi Sib, kwenye foleni ya barabara kuu, nikaliona daftari la Ami Seif, mistari yake ya zamani imetulia pale pale na mipya chini. Mtu yule alikuwa akifanya hivi kabla sijaajiriwa. Mimi nilimnyang'anya daftari nikampa supu.

Sasa tunafika pale nisipocheka. Ilikuwa zamu ya fanksheni kubwa, niliyoiita pisha. Achieng alitaka niandike juu kabisa inapokea nini. Nikaandika: orodha ya miadi, na azaa iliyoingia. Inatoa orodha mpya. Kisha nikaanza kuhamisha masharti kutoka programu ya zamani, mstari kwa mstari. Nilipofika mstari mmoja, lugha ikanikatalia. Kuna nambari imetajwa humo ndani kwa jina tu, na haikuingia mlangoni.

Achieng akaitafuta kwenye programu ya zamani. "Hii ni nambari ya simu. Inasema miadi ikiwa na hii nambari, isihamishwe. Ni ya nani?"

"Ya nyumbani kwangu," nikasema.

Alitafuna sambusa mpaka akaimaliza. "Kumbe hii fanksheni inapokea vitu tatu, Mzee. Orodha, azaa, na wewe."

Niliuandika mstari ule siku ya kwanza kabisa. Nilijiambia mwenye kufanya kazi bure ana haki ya kaupendeleo kadogo, nikacheka peke yangu, nikausahau. Naapa nilikuwa nimeusahau. Siku ya msiba wa bwana Hamed, Ami Seif aliandika kila kitu sawasawa. Programu ikaipokea azaa, ikafika kwenye arusi yangu, ikaiona nambari, ikaiacha. Kwa kuwa haikuihamisha, haikutuma ujumbe kwa mtu. Ikaandika kwenye kioo kwamba yote yamekamilika. Mashine ilikuwa nzima na mbonyezaji alikuwa mzima. Niliona haya mpaka masikio yakawaka, na Achieng, Mungu ambariki, akajifanya anatafuta bisibisi.

Kesho yake nilikwenda kwa Ami Seif. Nilimkuta uani anamwagilia mindimu yake aliyoipanda kwenye ndoo. Hakunikaribisha, lakini hakunifukuza pia. Nikamwambia yote, mstari, nambari, kila kitu.

"Nnajua," akasema.

"Unajua?"

"Siku ile nlibonyeza, nkatazama. Arusi yako haikuhama. Nkabonyeza mara ya pili, haikuhama. Nkakupigia, simu yako imezimwa. Wa Sur sina nambari zao, kwenye mashine mna ya nyumbani kwako tu, nayo nlipiga hakushika mtu, na sabla sikuweza kuiwacha."

"Sasa mbona hukusema mbele ya kamati?"

Akaliweka kopo la maji chini. "Ningesema, ungejibu nini? Ungewambia watu, macho ya Ami Seif."

Vijana, ndivyo hasa ambavyo ningesema. Ningelisema kwa upole, tena ningemshika bega. Nililia mbele yake, mtu mzima na mvi zangu, na yeye akaendelea kumwagilia.

Ijumaa baada ya sala niliwaomba kamati na bwana Hamed tukae sabla. Nilikuwa nimejiandalia maelezo marefu ya kitaalamu, yenye fanksheni ndani yake. Nikayaacha. Nikasema: "Niliandika mstari wa kuilinda arusi yangu isihame. Arusi ikaingia kwenye azaa kwa ajili ya mstari huo. Kisha nikamtupia Ami Seif kosa langu. Yeye hakukosea kitu." Bwana Hamed aliusogeza mto wake kando.

"Marehemu alikuwa akipenda ngoma," akasema. "Lakini wewe ulikosa adabu."

"Nilikosa," nikamwambia.

Akaninyoshea mkono, nikaupokea. Mwenyekiti akachukua ufunguo, akamfuata Ami Seif nyumbani kwake yeye mwenyewe. Ami Seif alikubali kurudi kwa masharti yake. Programu mpya imchapishie karatasi kila asubuhi kwa herufi kubwa, orodha ya zamani upande mmoja na mpya upande wa pili. Na simu atapiga, mashine itume ujumbe isitume. Fanksheni ya pisha sasa inapokea vitu viwili tu. Achieng aliisoma yote kabla haijawashwa, akasema si supu tena, ni wali, angalau chembe zinahesabika.

Haukupita mwezi, mlinzi mmoja wa shule mtaani kwetu akafariki, siku moja kabla ya akdi ya mwanangu wa mwisho. Karatasi ikatoka, jina letu limehama kwa wiki mbili, na Ami Seif akanipigia mimi wa kwanza. Zuwena alikuwa jikoni, udi umeshawashwa, masinia yameazimwa nyumba tatu.

"Miaka thelathini na kompyuta," akanambia, "na huwezi kuiambia ituwache sie?"

"Naweza," nikamjibu. "Ndivyo nlivyofanya mara ya kwanza."

Zuwena akazima udi, akavaa baibui lake, akasema, "Haya, vaa viatu. Twende tukatoe pole."